Utando Juu ya Maji: Sayansi ya Kupamba Chungu kwa Rangi ya Kucha

Chungu cha udongo kingali na kazi nyingi katika nyumba zetu: hupikiwa, hutilia maji, hupandiwa maua, hufukiziwa ubani. Ipo njia moja rahisi ya kukipamba ambayo haihitaji brashi wala ustadi wa kuchora. Matone machache ya rangi ya kucha hudondoshwa juu ya maji yaliyotulia; rangi hutanda; huvurugwa kidogo kwa kijiti; kisha chungu huchovywa na kutolewa kikiwa kimevikwa mistari iliyopindana, mfano wa ile ya jiwe la marumaru. Kazi yote huchukua dakika chache, na kila chungu hutoka na sura yake, kwani mchoro mmoja haurudii tena.

Mwalimu wa shule isiyo na maabara kamili atakuta katika kazi hii jaribio zuri la fizikia na kemia kwa gharama ya vichupa viwili au vitatu ambavyo pengine vimekwisha kutumika nusu. Hata hivyo, si kila chungu kinafaa kupambwa hivi. Utando uleule unaopendeza macho waweza kukiharibia chungu kazi yake, na katika hali nyingine waweza kuleta moto. Makala haya yanaeleza kwanza kwa nini rangi hutanda na kushika, halafu yanaonyesha jinsi maelezo hayohayo yanavyotuambia ni chungu kipi tukipambe na kipi tukiache.

Kwa nini rangi hutanda

Maji yamefanyika kwa molekuli zinazovutana. Molekuli iliyo katikati ya maji huvutwa na jirani zake kutoka pande zote, hivyo mvuto wa upande mmoja hufutwa na mvuto wa upande wa pili. Molekuli iliyo juu kabisa haina jirani wa namna hiyo upande wa hewani; kwa hiyo huvutwa zaidi kuelekea ndani. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji hutenda kana kwamba ni ngozi ya ngoma iliyowambwa, nao hujitahidi kuwa mdogo kadiri iwezekanavyo. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Ndiyo inayowawezesha wadudu fulani kutembea juu ya kidimbwi bila kuzama, na ndiyo inayouelesha wembe uliolazwa taratibu juu ya maji, ingawa chuma cha pua kina uzito wa karibu mara 8 ya ule wa maji ya ujazo uleule.

Katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi, mvutano wa uso wa maji safi ni karibu milinyutoni 73 kwa kila mita. Viyeyushi vinavyotumika katika rangi ya kucha vina mvutano mdogo zaidi. Tuchukue mfano wa butili asetati: mvutano wake ni karibu 25 kwa kipimo hichohicho. Aidha, mahali ambapo kiyeyushi hicho hugusana na maji pana mvutano wa tatu, nao ni karibu 14.

Sasa tulitazame tone lililokwisha kutua juu ya maji. Ukingoni mwake nguvu hizo tatu hukutana, kama watu watatu wanaovuta kamba zilizofungwa fundo moja. Uso wa maji matupu huuvuta ukingo kwenda nje kwa nguvu ya 73. Uso wa tone lenyewe, pamoja na mpaka ulio kati ya tone na maji, huuvuta kurudi ndani kwa nguvu ya 25 na 14, yaani jumla 39. Anayevuta nje ana ziada ya 34. Basi tone halina budi kutanda. Rangi ya kucha ni mchanganyiko wa vitu vingi, hivyo tarakimu zake hasa hutofautiana kidogo na hizi, lakini hoja ni ileile: si rangi inayojisukuma, bali ni maji yanayoivuta.

Hoja hii hueleza mambo mawili ambayo mtendaji huyaona mara moja. Kwanza, tone la pili hutanda kidogo kuliko la kwanza, na la tatu kidogo zaidi. Sababu ni kwamba uso ambao matone hayo hukuta si wa maji matupu tena. Umekwisha kufunikwa, na mvutano wake umepungua. Badala ya kukimbia, tone jipya husukuma utando wa kwanza pembeni, na hivyo huzaliwa pete ndani ya pete. Pili, beseni lililobakiwa na sabuni huharibu kazi yote. Sabuni hukimbilia usoni mwa maji na kushusha mvutano wake, na tone lililotazamiwa kutanda hujikunja kama donge au huzama.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili kwa uzoefu kabla halijaandikwa vitabuni. Nchini Japani, sanaa ya kudondosha wino juu ya maji na kuupokea mchoro kwa karatasi ilikwisha kuwako katika karne ya 12. Nchini Uturuki iko sanaa ya namna hiyo iitwayo ebru, ambayo mwaka 2014 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mafundi wa ebru huyafanya maji yawe mazito kwa utomvu wa mimea ili rangi isiyumbeyumbe, na huichanganya rangi na nyongo ya ng'ombe. Nyongo hutenda kama sabuni: hushusha mvutano wa uso. Kwa kupima matone ya nyongo katika kila rangi, fundi huamua ni rangi ipi itande zaidi na ipi ibaki kuwa doa dogo.

Utando una unene gani?

Unene wa utando waweza kupimwa bila chombo chochote isipokuwa rula. Hesabu matone yanayojaza mililita 1; tuseme ni 20. Basi tone moja lina ujazo wa mililita 0.05, yaani sentimita za ujazo 0.05. Dondosha tone moja juu ya maji masafi na upime kipenyo cha duara linalotokea. Tuseme ni sentimita 10. Eneo la duara hilo ni sentimita za mraba 78.5. Ukigawanya ujazo kwa eneo, utapata unene wa sentimita 0.00064, au milimita 0.0064. Kiyeyushi kikisha kukauka, na ikiwa theluthi moja tu ya rangi ndiyo inayobaki, unene utakuwa karibu milimita 0.002. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya mara kuliko huo.

Hesabu ya namna hii ina historia ndefu. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai juu ya bwawa lililoko Clapham, London, na kuona yakitanda hata kufunika kama nusu eka. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1774. Franklin hakuipiga hesabu, lakini sisi twaweza: mililita 5 zilizotandazwa juu ya mita za mraba 2,000 hutoa unene wa sehemu 2.5 za milioni ya milimita. Huo ndio ukubwa wa molekuli moja ya mafuta. Utando wa rangi yetu ya kucha, mwembamba kama ulivyo, ni mnene kuliko huo zaidi ya mara 2,000, kwa sababu huganda kabla haujafika mwisho wa safari yake.

Aliyeugeuza uchunguzi huu kuwa vipimo kamili hakuwa na maabara. Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862, aliishi Braunschweig, Ujerumani, akiwatunza wazazi wake. Wakati huo wanawake hawakupokewa katika vyuo vikuu vya huko, hivyo alijifunza fizikia kwa vitabu alivyopewa na mdogo wake wa kiume. Akiwa jikoni aliunda chombo chembamba cha kutilia maji, akapitisha kipande cha bati juu ya uso wake ili kuubana au kuupanua, na kupima jinsi mvutano ulivyobadilika kila uchafu wa mafuta ulipoingia. Aliyaandika matokeo hayo kwa barua kwa mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, ambaye aliyapeleka katika jarida la Nature, yakachapishwa mwaka 1891. Vyombo vinavyotumika leo kuchunguza tando za unene wa molekuli moja vimejengwa juu ya wazo hilo la jikoni.

Kilichomo ndani ya kichupa

Rangi ya kucha ya kawaida ina sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni viyeyushi, hasa ethili asetati na butili asetati, ambavyo ndivyo hutoa ile harufu kali. Ya pili ni chembechembe za rangi. Ya tatu, ambayo ndiyo hubaki kuwa utando mgumu, ni nitroselulosi pamoja na vitu vya kuilainisha isipasuke.

Nitroselulosi hupatikana kwa kuitia selulosi, kwa mfano ya pamba, katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki. Mwaka 1846 Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel, Uswisi, alitangaza kwamba pamba iliyotendewa hivyo huwaka kwa ghafula kama baruti. Aina yenye nitrojeni nyingi ilitumika katika silaha. Aina yenye nitrojeni chache huyeyuka vizuri katika viyeyushi na kuacha utando unaong'aa. Katika miaka ya 1920 ilienea katika kupaka magari, na rangi ya kucha ni ndugu wa rangi hizo. Nasaba hii tuikumbuke, kwani tutairudia tutakapoeleza habari za moto.

Tone linapotanda juu ya maji, eneo lake huwa kubwa mno ukilinganisha na ujazo wake. Kwa hiyo viyeyushi hutoka upesi: sehemu kubwa hugeuka mvuke na kuingia hewani, na kiasi kidogo huyeyuka majini. Nitroselulosi haiyeyuki katika maji. Hubaki juu ikiwa utando unaonata kwanza, kisha mgumu. Kazi ya kuchovya ni lazima ifanyike katika kipindi kile cha kunata, ambacho mara nyingi hakifiki hata dakika moja.

Namna ya kutenda

Chagua chungu kidogo kilichokwisha kuchomwa vizuri, kikavu kabisa. Udongo uliochomwa una vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Chungu kitupu kikitumbukizwa majini, vitundu hivyo hunywa maji na kutoa hewa, na mapovu yake huinua utando. Kwa hiyo kipake kwanza nje rangi nyeupe ya maji, ile ya kupakia kuta, ukiache kikauke siku nzima. Rangi hiyo huziba vitundu, na weupe wake huifanya michoro ionekane.

Tumia ndoo au kopo kuukuu ambalo halitatumika tena kwa chakula, lililosuuzwa hata sabuni ikaisha kabisa. Jaza maji ya joto la kawaida la chumba. Maji baridi sana huizuia rangi kutanda, na maji ya moto huikausha kabla ya wakati, tena huzidisha mvuke wake. Dondosha matone kutoka karibu sana na uso wa maji. Densiti ya rangi haipitani sana na ile ya maji, hivyo tone linaloanguka kutoka juu huutoboa uso na kuzama, na likisha kuzama halipandi tena.

Dondosha rangi mbili au tatu kwa kupokezana, kisha pitisha kijiti cha meno mara moja au mbili kutoka ukingoni kuelekea katikati. Shika chungu kwa ndani na ukichovye kwa mshazari, ukikizungusha polepole ili kila upande ukutane na utando mpya. Kabla ya kukitoa, kusanya kwa kijiti utando uliobaki juu ya maji, la sivyo utajibandika juu ya mchoro wa kwanza. Mwisho, kiweke juu ya gazeti mahali penye hewa mpaka kikauke. Utando uliokusanywa uachwe ukauke nje kisha utupwe pamoja na takataka. Maji yake yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

Chungu kipi kisipambwe

Wafinyanzi wetu wamekuwa wakipamba vyungu tangu zamani. Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na wanawake kandokando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa Matema, vinajulikana kwa michoro yake. Wafinyanzi wa sehemu nyingi huchora mistari kwenye udongo mbichi, au huupaka udongo mwekundu na kuusugua kwa kokoto hata ung'ae, halafu ndipo huchoma. Pambo la namna hiyo hupita motoni pamoja na chungu na kuwa mwili mmoja nacho. Rangi ya kucha haikupita motoni. Ni ngozi ya plastiki iliyovikwa juu, na tofauti hiyo ndiyo iongozayo uchaguzi wetu.

Chukua mtungi wa maji ya kunywa. Maji hupenya polepole katika vitundu vyake, hufika nje na kugeuka mvuke. Kila gramu moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la karibu jouli 2,400. Kupoza gramu moja ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji kuondoa jouli 4.2 tu. Basi, ikiwa hakuna joto jipya linaloingia, mtungi wa lita 10 hushuka nyuzi 5 kwa kupoteza gramu 90 hivi za maji, kiasi kisichofika nusu kikombe. Kwa kweli joto jingine huingia kutoka hewani, hivyo mtungi hauna budi kuendelea kutoa jasho mchana kutwa. Ndiyo sababu mtungi hupoza vizuri zaidi penye hewa kavu, kama Dodoma, kuliko pwani penye unyevu mwingi. Ukiuvika utando usiopitisha maji, umeuziba. Utapendeza, na maji yake yatakuwa ya vuguvugu.

Chungu cha kupikia na bakuli la chakula visipambwe kamwe kwa njia hii, wala ndani wala nje. Rangi ya kucha haikutengenezwa kugusana na chakula, na haistahimili jiko. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya chetezo. Chombo hiki kidogo huvutia kupambwa, lakini hutiwa makaa ya moto, na utando wa nitroselulosi ni kitu kinachoshika moto upesi. Chetezo kibaki na pambo lake la udongo.

Hata chungu cha maua kina taabu yake. Maji ya kumwagilia hupenya ukutani kutoka ndani, husukuma utando, na baada ya muda rangi hububujika na kubanduka. Tena mizizi hufaidika na hewa inayopita katika udongo ulio wazi. Anayetaka kukipamba na apande mmea katika kopo jingine lenye matundu, kisha aliweke kopo hilo ndani ya chungu kilichopambwa. Vinavyofaa kabisa ni vyombo vya kutilia vitu vikavu: kalamu, vifungo, sindano, maua yaliyokaushwa.

Mvuke usioonekana

Ethili asetati hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika joto la nyuzi 4 chini ya sifuri. Katika nchi zetu, basi, hakuna saa ambayo haiwezi kuwaka. Mvuke wake ni mzito mara 3 kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea; hushuka, hutambaa sakafuni, na waweza kuufikia moto ulio mbali na beseni. Koroboi, mshumaa, jiko la mkaa na sigara viwe vimezimwa au viwe mbali kabisa kabla kichupa hakijafunguliwa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo mara nyingi huwa ni asetoni, inahitaji tahadhari ileile.

Mvuke huo pia huumiza kichwa na kuwasha macho na koo. Kazi ifanyike barazani au uani na si katika chumba kilichofungwa, na watoto wadogo wasiachwe peke yao. Darasani, vikundi viwili vyenye beseni moja kila kimoja vinatosha. Wengine wapime, waandike, kisha wapokezane.

Maswali ya kujipima

1. Tone la rangi lenye ujazo wa mililita 0.04 limetanda na kufanya duara la kipenyo cha sentimita 8. Tafuta unene wa utando kwa milimita.

2. Nyunyiza unga wa pilipili manga juu ya maji masafi, kisha gusa katikati kwa ncha ya kijiti kilichopakwa sabuni. Eleza kwa nini unga hukimbilia pembeni, na useme ni nani anayeuvuta.

3. Mitungi miwili iliyo sawa imejazwa maji ya joto moja. Mmoja umepakwa rangi nje, mwingine haukupakwa. Panga jaribio la siku moja la kulinganisha joto na uzito wake kila baada ya saa mbili. Unatazamia kuona nini, na kwa nini uzito upimwe pamoja na joto?

4. Mwenzako anataka kulipamba chetezo la bibi yake kwa rangi ya kucha. Mwandikie sababu za kemia zinazokufanya umzuie, na umpendekezee chombo kingine.